Madirisha Niliyoyapandisha

Makasi ya baba yalikuwa mazito kama pasi ya mkaa, na hayakuwa ya kuguswa na mtu mwingine. Aliyatundika kwenye msumari juu ya meza ya kukatia, na kila mchana aliyapangusa kwa kipande cha fulana kilichotiwa mafuta ya cherehani. Alikuwa fundi wa turubai. Duka lilikuwa chini ya nyumba yetu, katika uchochoro unaotokea Ndia Kuu, barabara ya mji wa kale, mlango wa tatu kutoka kwa muuza vinyago. Alishona vifuniko vya malori, vivuli vya maduka, mahema ya harusi na ya misiba. Mimi nilikuwa na kazi zangu pembeni mwa meza: kupinda upindo, kugongomea pete za shaba, kupaka uzi nta. Kukata, hapana. Baba alisema kushona ni kufuata, kukata ndiko kuamua, na turubai ukishalikata huwezi kuliomba radhi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyodumu miaka mitatu na isiyostahili nusu ukurasa hapa. Nilirudi na sanduku moja na ulimi mkali, nikamkuta baba peke yake, kwa kuwa mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wiki ile ile ya kwanza baba alipanda ghorofani na nyundo na misumari sita.

Lazima nieleze dirisha letu. Nyumba nyingi za kwetu zina madirisha ya mbao yenye vibao vilivyolazwa, hewa ipite na jua lisipite. Letu, chini yake, lilikuwa na ubao mmoja mpana wenye bawaba kwa juu. Ukiusukuma ubao ule kwa chini hutokeza nje kidogo, na aliyelala sakafuni ndani akawaona wote wapitao uchochoroni. Wao wakitazama juu wanaona mbao tu. Mama aliuegemeza kwa mwiko mkuukuu uliovunjika kichwa. Ndio ubao ambao baba aliupigilia misumari.

"Watu wasije wakasema," alinambia bila kunitazama. "Mke aliyeachwa akionekana dirishani, hawakosi la kusema."

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto, lakini sikumjibu, na kwa mtu mwenye ulimi wangu kunyamaza kule kulikuwa kazi. Nikawa nampikia, namshonea, na kila mchana tunagombana kimya kimya juu ya jambo moja: chakula chake kilikuwa kikipoa. Nikipakua, yeye yuko chini na muuza kahawa, maneno hayaishi. Nikisubiri, anapanda kabla sijapakua, anakaa mbele ya mkeka mtupu. "Chakula cha mamako hakikupoa hata siku moya," alisema. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana ilinichoma.

Basi mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, alikuja dukani bibi mmoja wa Kizungu aliyezaliwa huku huku nchini, mjane, mwenye uso uliokaushwa na jua na mkono mgumu kama wa baharia. Alikuwa na kambi ya kuhama. Anawachukua wageni wake, anakaa nao porini siku tatu nne mahali pamoja, kisha kambi nzima inapandishwa lori na kusimamishwa kwingine. Na mahema yake hayakuwa vibanda vya kuinamia. Alitaka mahema ya mtu kusimama na kunyoosha mikono, yenye nafasi ya vitanda vya chuma, zulia, kioo cha kujitazamia na chumba cha kuogea kwa nyuma. Alitaka manne. Akatuachia mchoro alioupiga mwenyewe kwa kalamu ya risasi.

Alipoondoka baba alicheka mpaka akakohoa. "Watu wana majumba ya mawe kwao," akasema. "Wanapanda ndege, wanatoa mapesa, wapate kulala ndani ya nguo."

Siku ya pili baba akashikwa na homa. Ilikuwa malaria, ile ya kutetemesha kitanda. Ami yangu, ndugu yake mdogo, alikuja kumtazama, na kabla hajamaliza kumwombea dua alishafika kwenye mahema. Mwanawe alikuwa akishona vifuniko vya malori kule mtaa wa Makadara. Kazi apewe yeye, akasema ami, na makasi ashike yeye, kwani duka la fundi haliwezi kuwekwa mikononi mwa mwanamke.

Baba alitoa kichwa ndani ya blanketi. "Makasi atashika mwanangu," akasema.

Ami alipokwenda zake, baba aliniita karibu na mto. "N'sikiza. Ukiharibu, ami yako atakuja kuyataka, nami sitakuwa na la kumjibu. Yatakwenda Makadara, na wewe utarudi kwenye upindo. Wafahamu?"

Nilifahamu. Niliyatungua makasi kwa mikono miwili. Nilikata sakafu, nikakata paa, nikakata kuta, na kila mkato ulikwenda sawa, na ninajisifu kwa kuwa hapa ndipo pahali pa mwisho nitakapojisifu. Kisha nikafika kwenye madirisha.

Mchoro ulikuwa wazi. Kila hema lilikuwa na madirisha mawili mapana, na yalianzia magotini. Nilisoma vizuri, sikukosea kusoma. Nilikataa. Nilitazama ile karatasi nikawaonea haya wageni ambao sijawahi kuwaona: mtu amelala kitandani na mkewe, na kila apitaye nje, mpishi, dereva, nani, anawamulika kwa macho! Nikajiambia bibi yule ni mtu wa porini, hana wa kumwelekeza. Nikayapandisha. Nikayaweka juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, marefu na membamba chini ya paa, kama ilivyo desturi ya nyumba njema: hewa iingie, macho yasiingie. Nilidhani nimemsaidia.

Baba aliposhuka baada ya siku tisa, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kanzu, aliivuta mishono yangu kwa kucha, mmoja mmoja. Akainua uso kuyatazama madirisha. "Hapa mtu anastirika," akasema. "Vizuri." Siku ile sikutembea, nilielea.

Mahema yalikwenda. Baada ya wiki tatu bibi yule alisimama tena mlangoni kwetu, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Ami alikuwa amekaa barazani na kikombe chake cha kahawa.

"Mzee," akasema bibi kwa Kiswahili chake cha bara, "mahema yako ni nzuri sana. Kushona kama hii sijaona. Lakini dirisha! Dirisha iko mbinguni. Mgeni ametoka mbali aone wanyama. Kwa dirisha hii ataona twiga peke yake, na lazima hiyo twiga isimame karibu."

Ami alicheka kahawa ikamtoka puani. Bibi hakucheka. Wageni wake wa kwanza walikuwa wafike Jumamosi mchana, na siku ile ilikuwa Jumatano. Mahema yameshasimamishwa porini, upande wa Voi. Baba akimwambia haiwezekani, atapiga simu Nairobi waje mafundi wa huko.

"Hakuna haja ya Nairobi," baba akasema. "Nitakuja mwenyewe. Na mwanangu."

"Unamchukua mwanamke mwituni?" ami akauliza.

"Ameshakwenda mbali kuliko huko, na akarudi."

Bibi alipokwenda kuwasha gari, ami alisimama akakung'uta kikoi. "Nilisema au sikusema?" Akayatazama makasi pale msumarini. "Mkirudi, hayo tutayazungumza." Baba aliinuka. Aliyatungua, akayafunga ndani ya kanga ya marehemu mama, akayatia kikapuni.

Tuliondoka Alhamisi baada ya sala ya alfajiri. Nilikuwa sijawahi kupita Mazeras, nje kidogo ya mji wetu; hata ndoa haikunifikisha huko. Nilikaa nyuma na cherehani ya mkono magotini, baba mbele na kikapu chenye mikate ya mofa, ile migumu ya mtama, samaki wa kukaanga na chupa ya chai, kwani hakujua huko wanachinja nini na nani anachinja. Njia nzima nilitazama kisogo chake. Hakuwa amenigombeza hata neno moja, na ningependa angenigombeza. Nilikuwa najua tunakwenda kufanya nini: tunakwenda kuokoa makasi.

Tulifika alasiri. Kambi ilikuwa chini ya migunga, kando ya mto mkavu wenye mchanga mwekundu, na nilipoyaona yale mahema manne yamesimama kwa mstari, kamba zimekazwa, mishono imetulia, nilisahau aibu yangu kwa dakika nzima. Yalikuwa mazuri. Ndani mlikuwa na vitanda vyenye mashuka meupe yaliyopigwa pasi, zulia, beseni la shaba, taa za mafuta zilizosuguliwa. Meza ya kulia ilikuwa nje na kitambaa cheupe, na glasi za shingo ndefu, na uma za kila ukubwa. Mpishi alikuwa Mtaita. Aliyeshughulika na maji alikuwa Mgiriama wa makamo, mpole, mwenye msalaba mdogo shingoni. Wote walikuja kumpa baba mkono na kumwita mzee.

Bibi alitusimamisha mbele ya hema la kwanza, na wale wawili nyuma yake. "Sasa niambie. Hii dirisha, nani alikata?"

"Nimekata mimi," baba akasema. "Kosa ni langu."

Niliona makasi yakipanda njia ya Makadara, nikanyamaza. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimefanya makosa makubwa zaidi, lakini nikiamka na jambo la kuonea haya, mara nyingi ni kimya kile.

Bibi akasema tusikate kitu bado. Kwanza tulale ndani kama wageni, tuone wenyewe. Nilidhani baba atakataa, lakini alitikisa kichwa kukubali. "Ni haki," akasema. "Nguo haijulikani mpaka ivaliwe." Yeye akapewa hema la kwanza, mimi la pili.

Ubibi, wa kuhudumiwa kila kitu, una taabu zake. Kwanza ilikuwa kuoga. Mfuko wa turubai ulining'inizwa mtini nyuma ya hema, na mtu wa maji akiujaza kwa ndoo ya maji ya moto kutoka upande wa pili wa kitambaa. Ni kitambaa tu kilichokuwa baina yetu. "Yatosha, dada?" akauliza, na sauti yake ilikuwa hapo hapo kwenye bega langu. Nilisimama na leso mbili mwilini, sijibu, mpaka niliposikia miguu yake inakwenda, na hapo maji yalishakuwa vuguvugu. Nikaoga haraka kama mwizi.

Kisha nikajinyoosha kitandani kungoja magharibi. Nilitazama juu kwenye madirisha yangu. Niliona mawingu. Niliona ncha ya tawi. Ndipo nje, karibu na kichwa changu, kitu kikavuta pumzi.

Kilikuwa kikubwa. Kilivuta pumzi, kikakata kitu, kikatafuna, kikasogea. Nilihisi ukuta umeguswa. Sasa, mimi si mwoga wa sauti. Kwetu nalala usingizi mtamu na mji mzima unapita chini ya dirisha, maana kila sauti naijua mwenyewe: vikombe vya muuza kahawa vikigongana, kandambili za jirani aliye na mguu mmoja mzito, mkokoteni wa maji, mlango wa msikiti. Kwetu sihitaji kuona, kwa sababu nikisikia nimeshaona. Pale nilisikia na sikujua kitu. Ukuta wa sitara niliowakatia wageni ulikuwa umenifungia ndani pamoja na hofu yangu.

Nikapanda juu ya sanduku la chuma lililokuwa miguuni pa kitanda, nikajishikilia ukingo wa dirisha, nikajivuta nichungulie. Sanduku likapinduka. Nikaanguka na beseni la shaba likaanguka na mimi, na nje kukawa na kishindo cha kwato zinazokimbia.

"Dada!" ilikuwa sauti ya mtu wa maji, mbio. "Umeumia?"

"Sijaumia! Ni nini hicho?"

"Ni kuro tu, aina ya swala mkubwa. Alikuwa anakula majani." Nikamsikia akizuia kicheko. "Maskini amekimbia. Umemtisha."

Kumbe mnyama mkali nilikuwa mimi. Nilikaa sakafuni na goti linavuja damu nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, kwa kuwa nilijua sasa kwa hakika kwamba nimekosa.

Chakula kilipoletwa, bibi alimwambia baba kwamba ameshazungumza na mpishi: mayai, viazi na maharagwe, hakuna nyama wala mafuta ya kumtia wasiwasi. Baba alikuwa amekumbatia kikapu chake cha mofa. Alikiweka chini taratibu, akasema ahsante, na akala kila alichopewa, kwa uma kubwa kuliko zote. Kisha naye akamkaribisha bibi mkate wa mofa, na bibi akautafuna mpaka mwisho bila kulalamika, na mofa ya asubuhi si mchezo kwa meno ya mtu.

Asubuhi nilimkuta baba ameshasali, amekaa mezani na bibi, chai mbele yao. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sabalkheri, baba."

"Sabalkheri, mwanangu. Umelalaje?"

Nilikuwa nimejipanga kuanza mbali. Lakini mficha uchi hazai. "Bibi," nikasema, "madirisha nimekata mimi. Baba alikuwa kitandani na homa. Mchoro wako niliuelewa, nikaubadilisha kwa kiburi changu."

Baba akaweka kikombe. "Nilikuwa mgonjwa," akasema, "sikuwa kipofu. Niliyaona nikayasifu."

"Mimi sitaki kujua nani," bibi akasema. Alimtazama baba, akanitazama mimi, na sauti yake ikapungua ukali. "Nataka kujua mtafanya nini. Kesho wageni wako hapa."

Baba akajibu, na maneno yake yakanishangaza. Alisema usiku naye alisikia mambo nje akashindwa kuvumilia, akafungua zipu ya mlango mpaka chini apate kuona. Akaona, tena akaona vizuri, mwezi ulikuwepo. "Lakini sikupata usingizi. Nilikuwa kama niliyelazwa ndiani. Kila kilicho nde ya hema kinaniona." Akasugua macho. "Dirisha la juu, mtu anaogopa. Dirisha la wazi, mtu anaona haya. Siyui."

Na mimi nikajua. Lilinijia lote kwa pamoja, na mwiko wake. "Tufanye la chini," nikasema, "lakini lisiwe wazi. Tulitie kope. Turubai lishonwe kwa juu tu, upindo wa chini tutie fito. Aliyelala ndani anausukuma kwa kijiti kama anavyotaka. Anaona chini, anaona nje, yeye haonekani. Na yale ya juu tuyaache ya hewa."

Bibi alikunja uso akijaribu kuliona. Baba hakukunja uso. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kikombe chake.

"Kama letu," akasema polepole.

"Kama letu. Kama la mama."

Baba akainua uso. Kisha akauliza swali ambalo nadhani hakuwahi kuliuliza maisha yake yote. "Mamako alikuwa akitazama nini pale?"

Nikaanza kumjibu bila kufikiri. Nikamwambia nilikuwa nalala naye sakafuni, kidevu juu ya mikono, mwiko umeegemezwa. Alikuwa akitazama nani amenunua samaki gani, nani amevaa buibui jipya. Alikuwa akikutazama wewe, nikamwambia. Ulipoanza kukunja turubai alikuwa anasema, haya, babako anamaliza, na ukiyapangusa makasi anainuka anakwenda jikoni, ili ukiweka mguu kwenye ngazi yeye awe anafunua sufuria...

Hapo nilisikia nilichokisema.

Baba pia alisikia. Alitazama mto mkavu muda mrefu. "Miaka thelathini na moya," akasema. "Mimi nilidhani wali ndivyo ulivyo."

Aliinuka akaingia hemani mwake. Alitoka na ile kanga, akaikunjua, akanipa makasi, upande wa vishikio ukiwa kwangu. "Ndoo, mwanangu, tukate," akasema.

Tulianza na hema langu. Baba aliniamuru nilale kitandani ubavu, kama ninavyolala kwetu. Akapiga magoti, akaweka kidole chake ukutani palipokuwa sawa na jicho langu, akatia alama ya chaki. "Dirisha la mtu aliyelala hupimwa kwa mtu aliyelala," akasema, kana kwamba ni jambo alilorithi kwa babu zake, na alikuwa amelibuni papo hapo. Nikainuka nikakata. Turubai lile nililoliona zuri jana nililipasua mbele ya bibi, mpishi na mtu wa maji.

Madirisha yalikuwa manane. Nilikata, nikageuza kingo, nikatia wavu wa mbu, nikashona kope. Baba alikaza kwa mkono pale cherehani ilipochoka, sindano ya turubai na kile kipande cha ngozi anachovaa kiganjani. Mtu wa maji alituletea fito alizozikwangua mwenyewe, laini kama mipini, na mpishi akatuletea chai bila kuitwa. Tulishona Ijumaa nzima. Jumamosi, saa nne asubuhi, tulifunga uzi wa mwisho, na vidole vyangu vilikuwa vimevimba hata sikuweza kukunja ngumi.

Bibi aliingia hema la kwanza, akajitupa kitandani na viatu vyake. Tulisimama nje. Ukuta ukafanya kope ndogo, shubiri moja. Hatukumwona. Tulimngoja aseme, na baba alianza kutafuna ncha ya ndevu zake.

"Mzee," sauti ikatoka mwishowe. "Niko na swala wawili hapa. Mtu na mtoto wake. Hawajui niko." Kope ikashuka, ikainuka tena. "Mimi nimelala kwa hema miaka ishirini. Hii sikuwa nimeona."

Tuliondoka wageni wakiwa wanateremka garini, watu wazima weupe, wamechoka, wanyonge kwa jua. Niliwaonea huruma, kwa kuwa sasa nilijua kitakachowapata magharibi. Gari letu lilipozunguka nyuma ya mahema niliona kope moja imeinuka kidogo. Aliyekuwa nyuma yake sikumwona, nami nilifurahi kutomwona.

Ami alikuwa barazani tuliposhuka jioni ile, kana kwamba hakuondoka tangu Jumatano. "Haya," akasema, "na yale makasi?"

Baba alimpa salamu kamili kwanza, hali yake, ya watoto, ya Makadara yote. Kisha akaingia dukani, akayatundika makasi kwenye msumari wake. "Yapo pale pale," akasema. "Ukimtaka mwenye kuyatumia, ni huyu hapa." Ami alinywa kahawa yake, akaanza kuzungumzia bei ya saruji.

Siku ya pili nilikuwa jikoni, naosha mchele, nikasikia kitu kinalia chumba cha mbele, kama msumari unaobishana na mbao. Nikaacha maji yakimwagika nikaenda. Baba alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya dirisha, koleo mkononi, kofia imekwenda upande. Misumari mitano ilikuwa imepangwa kwenye kizingiti, yote imepinda. Alikuwa anahangaika na wa sita.

"Kuna joto humu," akasema bila kugeuka.

Nilimwambia ndiyo, kuna joto. Msumari ukang'oka, akaujaribu ubao kwa kiganja, ukatokeza nje, na mwanga wa uchochoro ukaingia ukamulika mikono yake. Akaniomba msamaha, baba yangu, kwa neno moja tu, kisha akashuka kwenda kufungua duka.

Niliutafuta ule mwiko, nikaukuta nyuma ya kabati. Saa saba mchana nililala kifudifudi sakafuni, kidevu juu ya mikono, nikamtazama akizungumza na muuza kahawa, akicheka, akikunja turubai, akiyapangusa makasi na kuyatundika. Nikainuka nikaenda jikoni. Alipoweka mguu kwenye ngazi nilikuwa nafunua sufuria, na siku ile baba alikula wali wa moto.